Kwa nini operesheni imeahirishwa?

Lawama hii wengi wetu tumeisikia. Mama wa Tunduma mwenye uvimbe wa kizazi amepewa rufaa kwenda Mbeya. Ndugu wamechanga nauli, wamesafiri kilomita 100 hivi katikati ya malori, na siku ya operesheni wanaambiwa: "Bado. Kwanza aonwe na daktari wa magonjwa ya ndani." Wanarudi wakinung'unika. Wengine hudhani wanadaiwa chai.

Tueleze. Daktari wa upasuaji huondoa uvimbe. Lakini atakayelazwa usingizi, atakayepoteza damu na kuponya kidonda ni mtu mzima, pamoja na moyo wake, figo zake na mapafu yake. Hayo ndiyo anayoyapima daktari wa magonjwa ya ndani. Sukari ikiwa juu, kidonda huchelewa kupona na hushambuliwa na vijidudu kwa urahisi. Shinikizo la damu likiwa juu mno, moyo na ubongo vimo hatarini. Na mama aliyetokwa damu nyingi kila mwezi huenda hana damu ya kutosha kuhimili kisu. Majuma machache ya matibabu huweza kumwokoa. Mambo ya dharura, kama utumbo uliojisokota au mimba iliyotunga nje ya kizazi, hayangoji; hapo madaktari humhudumia pamoja saa ile ile.

Kushauriana huku kuna faida iliyopimwa. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, ilikuwa miongoni mwa hospitali 8 duniani zilizojaribu, mwaka 2007 hadi 2008, orodha ya maswali ya Shirika la Afya Duniani. Daktari, wauguzi na mtaalamu wa usingizi husimama na kuulizana kwa sauti: mgonjwa ni huyu? Kuna dawa inayomdhuru? Damu ipo? Katika hospitali hizo kwa jumla, vifo vilipungua kutoka 15 hadi 8 kwa kila wagonjwa 1,000.

Lakini madaktari hawawezi kushauriana juu ya jambo walilofichwa. Sisi wa mpakani hununua dawa huku na ng'ambo ya Zambia, na majina huchanganya. Basi bebeni pakiti zenyewe. Tajeni pia mitishamba, bila haya: ipo inayoshusha sukari, ipo inayozidisha kutoka damu. Anayetumia predinisoloni kwa muda mrefu asiiache ghafla. Mwenye dawa za shinikizo la damu au insulini aulize mapema ipi atumie asubuhi ile na kwa kiasi gani, maana insulini ya kawaida kwa tumbo tupu huweza kuishusha sukari hadi mtu azimie.

Na akiambiwa asile, asile kweli, kwani akitapika akiwa usingizini chakula huingia mapafuni. Uji ni chakula. Chai ya maziwa pia.