REDIO YA DHARURA YA NYUMBANI NA SAFARINI: MAMBO YA KUZINGATIA KABLA YA KUNUNUA

Kisiwa cha Unguja kimewahi kupitia vipindi viwili vya kukosa umeme kwa muda mrefu. Cha kwanza kilianza tarehe 21 Mei 2008 na kumalizika tarehe 18 Juni mwaka huo. Cha pili kilianza mwezi wa Disemba 2009 na hakikumalizika hadi mwezi wa Machi 2010. Wakati huo kisiwa kizima kilitegemea waya mmoja wa umeme uliolazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, na hitilafu katika njia hiyo moja ilitosha kukitia kisiwa gizani. Mwaka 2013 ulizinduliwa waya mpya wenye uwezo wa megawati 100, na hali ikawa ya nafuu kubwa. Hata hivyo, nguzo inayoangushwa na upepo wa masika, au mti unaolalia nyaya, bado unaweza kukiweka kijiji kizima bila ya umeme kwa usiku mmoja au zaidi. Na aghalabu usiku wa namna hiyo ndio ule ambao wananchi wana haja kubwa ya kupata taarifa.

Makala haya yanaeleza namna ya kuchagua redio ndogo ya kuchukulika, inayofaa kutumika nyumbani, shambani, dagoni na safarini pale njia nyengine za habari zinapokatika.

KWA NINI REDIO, NA SIMU IPO?

Wengi watauliza haja ya redio iko wapi ilhali karibu kila mtu ana simu ya mkononi. Suala hilo ni la haki na lina majibu matatu.

Kwanza, simu inategemea mnara. Minara ya simu nayo hutumia umeme, na unapokatika huendeshwa kwa betri na majenereta. Betri zikimalizika na mafuta yasipofika, mnara hunyamaza pamoja na simu zote zilizouzunguka. Redio haina haja ya mnara wa kijijini. Inahitaji tu kituo cha utangazaji kiwe hewani, na kituo kinaweza kuwa mbali.

Pili, simu hula chaji kwa haraka. Mtu anayeitumia kwa tochi, kwa kupiga na kwa kutafuta habari huweza kuimaliza kabla ya jua kuchwa. Ni busara simu ikahifadhiwa kwa kuitia msaada, na redio ikafanya kazi ya kusikiliza.

Tatu, si kila simu ina redio ndani yake. Baadhi ya zile zenye redio hazipokei mpaka zichomekwe waya wa masikioni, kwa kuwa waya huo ndio antena yake. Hivyo mtu mmoja husikia, na watu wa nyumbani hubaki kumuuliza.

Historia nayo inafunza. Kimbunga cha mwezi wa Aprili 1872, zama za Sayyid Barghash, kilivunja vyombo bandarini na kuangusha mikarafuu na minazi mingi ya Unguja, na watu wa zama hizo hawakuwa na chombo cha kuwapa habari kabla. Tarehe 26 Disemba 2004 mtetemeko wa ardhi ulitokea karibu na Sumatra kabla ya alfajiri kwa saa za Afrika Mashariki, na mawimbi yake yalifika pwani ya Tanzania mchana, ambako yalichukua maisha ya watu. Baina ya tukio na athari zilikuwepo saa nyingi. Na Kimbunga Hidaya kilipofika kisiwa cha Mafia tarehe 4 Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikuwa imekwisha kutoa taarifa zake siku kadhaa kabla. Taarifa huokoa pale tu inapomfikia mhusika kwa wakati.

MASAFA: HERUFI ZILIZOANDIKWA JUU YA REDIO

Mnunuzi aanze kwa kusoma herufi zilizoko juu ya redio, kwani hizo ndizo zinazoeleza inaweza kupokea nini.

FM ni masafa ya megahezi 87.5 hadi 108. Sauti yake ni safi, na vituo vingi vya visiwani na vya Dar es Salaam husikika humo. Upungufu wake ni kwamba mawimbi haya husafiri kwa kiasi cha upeo wa macho. Mlima, jengo kubwa au umbali huyakata.

AM, ambayo katika baadhi ya redio huandikwa MW, ni masafa ya kati. Mawimbi yake hutambaa juu ya ardhi, na juu ya bahari hufika mbali zaidi. Usiku hurudishwa na tabaka za juu za anga, na kituo cha nchi ya mbali kikasikika kama cha jirani.

SW ni masafa mafupi. Jina lisimpotoshe mtu: kifupi ni wimbi, si mwendo wake. Mawimbi haya huvuka bahari na mabara. Idadi ya vituo vinavyoyatumia imepungua ikilinganishwa na zamani, lakini kwa mvuvi aliyeko mbali na mji yanaweza kuwa ndiyo njia pekee iliyobaki.

WB ni herufi zinazohitaji tahadhari. Redio nyingi zinazouzwa kwa jina la redio za dharura zimetengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani na Kanada. Huko kuna vituo maalumu vya hali ya hewa vinavyotangaza mchana na usiku katika megahezi 162.400 hadi 162.550, na kitufe cha WB ni cha kuvipokea hivyo. Mtandao huo haupo Afrika Mashariki. Mnunuzi wa Unguja au Pemba akibonyeza kitufe hicho hatasikia ila mvumo. Hapana sababu ya kulipia zaidi kwa ajili ya kitufe kisichofanya kazi hapa.

Kuna jambo jengine katika redio zinazoonesha namba kwa tarakimu. Vituo vya AM barani Afrika hupangwa kwa kuachana kilohezi 9: 531, 540, 549 na kuendelea. Vya Marekani huachana kilohezi 10. Redio iliyofungwa kwa hatua za 10 huruka kutoka 540 hadi 550, na kituo kilichopo 549 hakitulii vizuri. Nyingi zina swichi au mpangilio wa kubadilisha. Muuzaji aulizwe, na aoneshe kwa vitendo.

Kwa mkaazi wa mjini, redio yenye FM na AM inatosha. Kwa mkaazi wa ncha za kisiwa, wa visiwa vidogo na kwa mwenda baharini, SW iongezwe.

CHANZO CHA NGUVU: MOYO WA JAMBO LOTE

Redio nzuri isiyo na nguvu ni kipande cha plastiki. Kwa hiyo suala la betri ndilo la kupewa uzito kuliko yote. Vyanzo ni vinne.

(a) Betri za kununua, ambazo wengi huziita mawe. Hizi ndizo za kuaminika kuliko zote, kwa sababu hupatikana dukani hata umeme usipokuwepo. Kabla ya kununua redio, mtu atizame duka la mtaani kwake linauza betri za ukubwa gani, kisha achague redio inayotumia ukubwa huo. Redio inayotaka betri isiyopatikana Makunduchi au Micheweni haimfai mkaazi wa huko.

(b) Betri ya ndani ya kuchaji. Ni rahisi kwa matumizi ya kila siku, ila ina kikomo. Betri ya miliampea 2000 huweza kuiendesha redio ndogo kwa kadiri ya saa 15 hadi 20, sauti ikiwa ya wastani. Baada ya hapo pawe na njia ya kuijaza.

(c) Sola. Vibao vilivyobandikwa juu ya redio ni vidogo, na vingi havifiki hata wati 1. Tuseme kibao hutoa wati 0.3: jua zuri la saa tano litaingiza kama sehemu moja tu ya tano ya betri iliyotajwa hapo juu, yaani usikilizaji wa saa tatu hivi. Ina maana kwamba sola ya namna hii inafaa kwa kuongezea kila siku, si kwa kujaza betri tupu ndani ya siku moja.

(d) Mkono wa kuzungushia. Ubunifu huu ulipata umaarufu katika miaka ya 1990 kwa kazi ya mvumbuzi wa Uingereza, Trevor Baylis. Yeye alilifikiria jambo hilo baada ya kuangalia kipindi cha televisheni kuhusu ugumu wa kufikisha elimu ya UKIMWI kwa wananchi wa Afrika wasio na umeme wala fedha za betri. Redio zake za mwanzo zilitumia springi; nyingi za leo hutumia dinamo ndogo inayojaza betri. Dakika moja ya kuzungusha hutoa dakika chache tu za kusikiliza. Ni akiba ya mwisho, na ni akiba yenye thamani. Lakini ahadi ya kuchaji simu kwa mkono huo ipokewe kwa hadhari: kujaza simu ya kawaida kungehitaji mtu azungushe kwa saa nyingi bila ya kupumzika. Kinachowezekana ni kupata chaji ya simu moja fupi ya dharura.

Redio inayofaa, basi, ni ile yenye vyanzo viwili au zaidi, na kimojawapo kiwe betri za kununua. Redio yenye betri ya ndani peke yake, iliyofungwa isiweze kubadilishwa, hufa pamoja na betri hiyo.

UIMARA, NA MAMBO YASIYO YA LAZIMA

Adui mkubwa wa redio visiwani ni hewa ya chumvi. Anayekusudia kuitumia pwani au chomboni atafute alama ya kinga ya maji. IPX4 maana yake inahimili maji ya kurushiwa. IPX7 inahimili kuzama mita moja kwa muda wa dakika 30. Redio isiyo na alama yoyote itiwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vyema. Sauti itapita, maji hayatapita.

Tochi ni nyongeza yenye manufaa. King’ora, dira na taa za rangi si vibaya, lakini visiwe sababu ya kuchagua. Mara nyingi redio yenye mapambo mengi huwa na spika dhaifu na upokeaji hafifu. Wahenga walisema rahisi ghali.

Ikumbukwe pia kwamba redio hii hupokea tu, haipeleki sauti. Haiwezi kuitia msaada. Chombo kinachokwenda mbali kinahitaji redio ya mawasiliano ya baharini ya VHF, ambayo chaneli yake ya wito na dhiki ni 16. Redio ya kusikilizia humsaidia nahodha kuamua asitoe chombo; haimsaidii akishapatwa na dhoruba.

KUIJARIBU NA KUITUNZA

Redio ijaribiwe dukani kwa betri, si kwa umeme wa ukutani. Ikifika nyumbani ijaribiwe tena katika chumba ambacho familia hukaa. Kuta nene za mawe za Mji Mkongwe na mapaa ya mabati hupunguza mawimbi; kuisogeza dirishani huwa ni dawa. Kwa FM na SW antena ivutwe yote. Kwa AM antena iko ndani ya redio, hivyo redio yenyewe ndiyo izungushwe mpaka sauti ikae sawa.

Namba za vituo vinavyosikika vizuri, kikiwemo cha Shirika la Utangazaji Zanzibar, ziandikwe katika karatasi na kubandikwa nyuma ya redio. Usiku wa dhoruba si wakati wa kutafuta.

Betri zitolewe pale redio inapokaa bila ya kutumika, kwani huvuja na kula shaba. Betri mpya zisichanganywe na kuukuu. Betri ya ndani ichajiwe kila baada ya miezi michache, na hasa kabla ya masika na kabla ya vuli.

Wakati wa dharura redio isiachwe ikisema mchana kutwa. Ifunguliwe saa za taarifa ya habari, isikilizwe, kisha ifungwe. Msikilizaji ayafahamu maneno matatu yanayotumiwa na Mamlaka ya Hali ya Hewa: Angalizo, Tahadhari na Tahadhari Kubwa. Yamepangwa kwa uzito, na la tatu halina nafasi ya kusubiri.

KWA OFISI NA SHEHIA

Ofisi, skuli, vituo vya afya na ofisi za masheha ni mahali ambapo watu hukimbilia kuuliza habari. Inafaa kila mahali hapo pawe na redio moja ya namna iliyoelezwa, na awepo mtu mmoja anayejulikana kuwa ndiye mwenye dhamana ya betri zake. Kitu cha wote kisicho na mwenyewe hukutwa kibovu siku ya haja.

Hali kadhalika wavuvi wanaokwenda dago wasiondoke bila ya redio na betri za akiba, na jirani mwenye redio asikilize kwa niaba ya asiyekuwa nayo, hususan wazee na wagonjwa.

Kila mwananchi anashauriwa kufanya jambo moja dogo usiku wa leo: azime swichi kuu ya nyumba kwa muda wa nusu saa, kisha atizame ni kitu gani ndani ya nyumba yake bado kinaweza kumpa habari. Asipokiona kimoja, atakuwa amekwisha kujua la kufanya kabla ya masika. Tahadhari kabla ya athari.