Uhai wa Faili: Kuhifadhi Sauti na Maandishi ya Lugha za Katavi

Mtafiti anapomrekodi mzungumzaji mzee wa Kibende huko Litapunga, katika Mkoa wa Katavi, huelekea kudhani kuwa kazi ya kuhifadhi imekwisha pindi kinasa sauti kinapozimwa. Dhana hiyo imerithiwa kutoka enzi za karatasi. Daftari lililosahaulika sandukuni kwa miaka 40 bado husomeka, ilimradi mchwa na maji havikulifikia. Faili la kompyuta likisahauliwa hufa. Uhai wake hutegemea mambo matatu ambayo hayadumu pamoja kwa muda mrefu: chombo kinacholibeba, programu inayolifungua, na maelezo yanayomjulisha msomaji kilichomo.

Kuhusu chombo hapahitajiki maneno mengi. Disketi ya inchi 3.5, iliyobeba megabaiti 1.44 tu, ilikuwa hazina ya tasnifu nyingi za miaka ya 1990. Sony iliacha kuziuza nchini Japani mwaka 2011, na kompyuta za leo hazina hata tundu la kuziingizia.

Programu ndiyo yenye hila zaidi. Kibende, tofauti na Kiswahili, ni lugha ya toni. Alama juu ya irabu si pambo bali hubeba maana. Kabla ya mfumo wa Unicode kuenea, wanaisimu walitumia fonti maalumu, kila moja ikiwa na mpango wake wa kuficha alama hizo nyuma ya tarakimu au herufi za kawaida. Faili la namna hiyo likifunguliwa leo katika kompyuta isiyo na fonti husika, hufunguka vizuri kabisa, lakini mahali pa toni huonekana namba na vialama visivyoeleweka. Hasara ya aina hii ni mbaya kuliko faili kukataa kufunguka, kwani anayelitazama huenda asitambue kwamba kuna kilichopotea.

Tiba ni muundo ulio wazi, ambao kanuni zake zimechapishwa na haziwi siri ya kampuni. Hapa Tanzania pana mfano wa kujifunza. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Wengi walishangilia menyu zake. Wachache waliangalia jinsi ilivyohifadhi mafaili. Programu yenyewe imekwisha kupitwa na wakati, lakini kwa kuwa muundo wa mafaili yake ulikuwa wazi, maandishi yaliyotungwa kwayo bado yanafunguliwa na LibreOffice.

Sauti ina mkasa wake. Simu nyingi za miaka ya 2000 zilirekodi kwa muundo wa AMR, unaochukua sampuli 8,000 kwa sekunde. Sampuli za kiasi hicho haziwezi kubeba mtetemo unaozidi mara 4,000 kwa sekunde. Toni hunusurika, maana mitetemo yake ni ya chini. Lakini sehemu kubwa ya nguvu ya sauti /s/ iko juu ya mpaka huo, hivyo kuipambanua na /f/ huwa kazi ya kubahatisha. Mwanafonolojia atakayeisikiliza rekodi hiyo baada ya mzungumzaji kufariki hana wa kumwuliza. Wala kuligeuza faili la AMR kuwa WAV hakurejeshi kilichokatwa, hulikuza tu. Rekodi ya WAV ya sampuli 48,000, biti 16 na mkondo mmoja, huchukua takriban megabaiti 345 kwa saa. Kwa anayenunua bando kwa siku, ukubwa huo si jambo dogo, na ndiyo sababu rekodi hubanwa ili zitumwe kwa WhatsApp. Kubana si kosa. Kosa ni kufuta asili na kubaki na iliyobanwa.

Likibaki faili zima, bado laweza kuwa bubu. Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa. Rekodi ya Mpanda ya mwaka 2005 iliyoandikwa “Rukwa 3” na si zaidi itamwelekeza mtafiti wa leo Sumbawanga, kwa Wafipa, akitafuta Kibende. Jina la kijiji, tarehe, lugha na ridhaa ya msimulizi viandikwe katika faili la matini sahili, likae kando ya sauti, na vyote vinakiliwe mahali zaidi ya pamoja.

Hata taasisi kubwa huhama. Hifadhi ya ELAR, yenye rekodi za lugha zilizo hatarini kutoka pande nyingi za dunia, ilikuwa SOAS jijini London hadi ilipohamishiwa Berlin mwaka 2021. Mafaili yake yalihamishika kwa kuwa yalikwisha kupangwa na kuelezwa. Mtafiti binafsi mwenye diski moja mezani huhama pia, kila anapobadili kompyuta, ila yeye hana msaidizi wa kukagua kilichoachwa nyuma.

Familia ya msimulizi nayo ina haki ya nakala. Huko Litapunga nakala hiyo huenda ikawa kadi ya kumbukumbu ndani ya simu, ambayo itapotea simu ikiibwa. Kwa hiyo masimulizi yachapwe pia kwa wino, toni zikiwemo, na kurasa zifungwe pamoja zikae nyumbani.