Hasira za Watoto Shuleni

Mwezi wa Machi, mwaka 2001, wavulana 67 walikufa katika bweni la Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos, kwa moto uliowashwa kwa makusudi. Hasira ya namna hiyo haizaliwi kwa usiku mmoja. Yafaa mzazi na mwalimu waishughulikie mapema, mtoto angali katika Gredi ya 7, ya 8 au ya 9.

Mtoto wa miaka 12 hadi 15 mwili wake wakua upesi, lakini sehemu ya mbele ya ubongo, ile izuiayo pupa, haikomai mpaka apitapo miaka 20. Basi akikasirika, moyo humwenda mbio, ngumi hukaza, na mawaidha hayasikii. Wakati huo usimhubirie, wala usimhoji mbele ya wenzake. Mtenge kando, anywe maji, avute pumzi polepole. Akisha tulia, mwulize alifanyiwa nini, nawe umsikilize mpaka mwisho. Kisha atengeneze alichoharibu, na kumwomba radhi aliyemkosea.

Wako wasemao kwamba kiboko ndicho dawa. Adhabu hiyo ilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001. Tena humfundisha mtoto kwamba mwenye nguvu akikasirika aweza kumpiga mnyonge.

Kukasirika si kosa. Kosa ni tendo baya lifuatalo. Mtoto ajuaye kusema, "Nimeonewa," naye akasikilizwa, hana haja ya ngumi wala kiberiti.