Maji Machafu Yaende Wapi?



Kila siku mtu hula na kunywa. Kila siku mtu huyo pia huenda haja. Kaya ikiwa moja porini, jambo hili halina matata makubwa. Lakini watu wakikaa pamoja, kinyesi cha jirani ni jambo la jirani zake wote. Mvua ikinyesha, uchafu wa nyumba ya mlimani hushuka mpaka kwenye kisima cha nyumba ya bondeni.

Katika wilaya za Tarime na Serengeti watu wameongezeka. Miji ya Tarime, Sirari, Nyamongo na Mugumu imekua. Nyumba zenye bomba la maji ndani zinajengwa karibu na nyumba zenye choo cha shimo. Kwa hiyo swali hili linasikika katika mikutano ya vijiji na katika vikao vya madiwani: Maji machafu yaende wapi, na nani alipe gharama?

Leo tutaeleza njia tatu za kuondoa uchafu huo. Halafu tutaeleza jinsi wananchi wanavyoweza kusema neno lao kabla sheria haijapitishwa.

KWA NINI TUHANGAIKE?

Kinyesi cha mtu mgonjwa kina vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivyo hufika mdomoni kwa njia ya maji, mikono, nzi na chakula. Huleta kipindupindu, kuhara damu, homa ya matumbo na minyoo. Minyoo ya safura hupenya katika nyayo za mtu atembeaye bila viatu mahali penye kinyesi. Hunyonya damu mpaka mtu akakosa nguvu ya kulima.

Kipindupindu kilienea nchini Tanzania mwaka 1977. Mwaka 2015, mwezi Agosti, kililipuka tena Dar es Salaam, kikasambaa katika mikoa mingi. Ugonjwa huu humaliza maji ya mwili. Mtu mwenye afya asubuhi anaweza kufa kabla ya jua kuzama asipopata matibabu.

Mto Mara unaanzia milima ya Mau nchini Kenya. Unapita mbugani, unapita katika wilaya zetu, na mwisho unaingia Ziwa Viktoria. Watu na ng'ombe wengi hunywa maji yake. Mji wa Mugumu nao hutegemea maji ya bwawa la Manchira. Mto na bwawa havichagui: vikiletewa uchafu, huupokea.

NJIA YA KWANZA: CHOO CHA SHIMO

Hii ndiyo njia ya kaya nyingi za vijijini. Mwaka 1973 taifa lilifanya kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu na kujadiliana. Kisha walichimba vyoo kwa wingi. Mwaka 2017 ilianzishwa kampeni nyingine, Nyumba ni Choo. Kwa nini turudie somo lile lile? Sababu moja ni kwamba shimo hujaa. Choo alichochimba babu mwaka 1973 hakiwezi kumtunza mjukuu wake leo.

Hebu tufanye hesabu. Mtu mmoja hujaza shimo kavu kwa kadiri ya lita 60 kwa mwaka. Kaya ya watu 8 hujaza lita 480. Shimo lenye upana wa meta 1, urefu wa meta 1 na kina cha meta 3 lina nafasi ya lita 3,000. Lakini tusilijaze mpaka juu. Tuache nusu meta, ambayo ni lita 500. Inabaki nafasi ya lita 2,500. Gawanya 2,500 kwa 480. Utapata miaka 5 na kidogo. Basi kaya hiyo ianze kujiandaa kwa shimo jingine mwaka wa nne, isingoje la kwanza lifurike.

Choo cha shimo kiwe mbali na kisima au chemchemi kwa meta 30 au zaidi. Kiwe upande wa chini wa kisima, si upande wa juu. Chini ya shimo kusiwe na maji. Ukichimba ukakuta maji, umekwisha kuingia katika kisima cha jirani yako.

Ardhi yetu si ya namna moja. Milimani kuna mawe. Kwenye mbuga kuna udongo mweusi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Shimo la udongo huo hubomoka lisipojengewa kwa matofali au mawe. Mahali penye mawe, au penye maji karibu, shimo lisiwe la kina kirefu. Lijengewe na kuinuliwa juu ya ardhi, na choo kipandiwe kwa ngazi.

Choo chenye bomba la hewa ni bora zaidi. Kilitengenezwa na wataalamu wa nchi ambayo leo ni Zimbabwe katika miaka ya 1970. Upepo ukipita juu ya bomba huvuta harufu kutoka shimoni. Ndani ya choo kuna giza, kwa hiyo nzi walioko shimoni hufuata mwanga wa bomba. Juu wanakuta wavu, hawawezi kutoka, wanakufa. Bila wavu huo bomba ni mlango wa nzi.

NJIA YA PILI: TANGI LA MAJITAKA

Njia hii ni ya nyumba yenye choo cha kuvuta maji. Wengine huliita tangi hilo karo, wengine chemba. Wengi hudhani ni shimo kubwa tu lililofunikwa. Sivyo.

Tangi la kweli hujengwa kwa matofali na saruji, na halivuji. Lina vyumba viwili. Uchafu ukiingia katika chumba cha kwanza, vitu vizito huzama na mafuta huelea. Vijidudu vya humo huozesha uchafu pole pole. Maji ya katikati hupita katika chumba cha pili, hutulia tena, halafu hutoka kwenda katika shimo jingine lenye mawe. Hapo hunywewa na ardhi.

Jambo la kukumbuka ni hili: maji yanayotoka katika tangi yanaonekana mepesi, lakini bado yana vijidudu vya ugonjwa. Ni ardhi inayomaliza kazi ya kuyasafisha. Ndiyo maana shimo la kunyonya lisiwe karibu na kisima. Na ndiyo maana ni hatari kuelekeza bomba lake mferejini au barabarani.

Mtu akichimba shimo lisilo na sakafu, akaingiza maji ya choo humo, na kulifunika kwa zege, hakujenga tangi. Amezika uchafu mahali ambapo haonwi.

Tangi pia hujaa tope. Kila baada ya miaka michache linahitaji kunyonywa na gari. Hapa ndipo swali la halmashauri linapoanza. Gari hilo litamwaga wapi? Kama hakuna mahali palipotengwa na kujengwa kwa kazi hiyo, dereva atamwaga bondeni usiku. Uchafu wa tajiri wa mjini utakuwa umepelekwa kwa maskini wa bondeni, tena kwa malipo.

NJIA YA TATU: MABOMBA YA MAJITAKA

Katika njia hii kila nyumba huunganishwa na bomba la mji. Bomba hupeleka uchafu wote mahali pamoja, kwa kawaida kwenye mabwawa. Humo jua, hewa na muda huua vijidudu vingi kabla maji hayajaachwa kwenda mtoni. Ni miji michache tu ya Tanzania yenye mabomba hayo, kama Dar es Salaam, Mwanza, Arusha, Moshi na Tanga. Hata katika miji hiyo nyumba nyingi hazijaunganishwa.

Faida yake ni kubwa mahali penye nyumba zilizobanana. Lakini bomba linataka mambo matatu: maji mengi, fedha za kulijenga na kulitunza, na mahali pa kusafishia.

Fikiri habari ya maji. Kaya ya watu 8, kila mmoja akivuta choo mara 4 kwa siku, huvuta mara 32. Kila mara ni lita 9. Jumla ni lita 288, yaani zaidi ya ndoo 14 za lita 20. Mama anayebeba maji kichwani kutoka mtoni ataweza? Hataweza. Choo cha kumwagia maji kwa kopo hutaka lita 2 tu kila mara. Jumla yake ni lita 64, yaani ndoo 3 na kidogo.

Fikiri pia habari ya kusafisha. Mji wa London nchini Uingereza ulipeleka uchafu wake mtoni bila kuusafisha, na watu wakanywa maji ya mto ule ule. Kipindupindu kiliua watu wengi. Mwaka 1854 daktari John Snow alionyesha kwamba vifo zaidi ya 500 katika mtaa mmoja vilitokana na maji ya pampu moja. Mwaka 1858 mto ulinuka mpaka wabunge wakashindwa kukaa. Ndipo mji ulipokubali kutoa fedha za mabomba makubwa, yaliyosimamiwa na mhandisi Joseph Bazalgette. Funzo ni kwamba bomba lisilo na mahali pa kusafishia huhamisha ugonjwa tu.

Karibu nasi, huko Mwanza, kuna vilima vya mawe ambako ni vigumu kuchimba mashimo na gari la kunyonya halipandi. Katika baadhi ya mitaa hiyo mamlaka ya maji iliweka mabomba membamba yanayopita kati ya nyumba na kuteremka kwenye bomba kubwa. Jambo hilo linafaa kuangaliwa na miji yetu yenye vilima.

HOJA ZA MKUTANONI

Mtu mmoja husema: "Halmashauri itoze faini, kila mtu atajenga." Ni kweli kwamba sheria ipo. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inamtaka mwenye nyumba awe na choo. Lakini faini haichimbi shimo. Bibi mjane asiye na nguvu akitozwa faini, atabaki bila choo na bila fedha. Yeye ahitaji mikono ya jirani. Faini imfae yule mwenye uwezo anayefungulia maji yake machafu barabarani.

Mwingine husema: "Tungoje mabomba ya Serikali." Mabomba yanaweza kuchukua miaka mingi. Kipindupindu hakingoji. Hata mji ukipata bomba, nyumba za mbali zitaendelea kutumia mashimo na matangi. Kwa hiyo mpango wa mji uwe na njia zote tatu, kila moja mahali pake.

Wa tatu husema: "Uchafu wangu ni shauri langu." Hoja hii hufa siku ya mvua ya kwanza.

Wazee nao husema kwamba kwa mila, mtu na mkwewe hawawezi kutumia choo kimoja. Hoja hii isichekwe. Inaweza kutatuliwa kwa kujenga vyoo viwili, au choo cha mashimo mawili chenye milango inayotazama pande mbali mbali.

SHERIA NDOGO HUTUNGWAJE?

Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 imewapa wanakijiji nafasi. Hatua ni hizi:

1. Halmashauri ya kijiji huandaa mapendekezo ya sheria ndogo.

2. Mkutano mkuu wa kijiji huitwa. Kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ana haki ya kuhudhuria na kutoa maoni.

3. Mapendekezo hupelekwa katika halmashauri ya wilaya ili yakubaliwe.

Basi usipohudhuria, usishangae ukisomewa sheria usiyoijua. Uliza maswali. Faini itakwenda wapi? Wasiojiweza watasaidiwaje? Gari la kunyonya litamwaga wapi? Nani atakagua matangi ya nyumba mpya kabla hayajafunikwa? Tangi likishafunikwa hakuna ajuaye kama lina sakafu.

Kuhusu maji, Sheria ya mwaka 2019 iliunda Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, yaani RUWASA. Ulianza kazi mwezi Julai mwaka huo. Mijini zipo mamlaka za maji. Diwani wako aulizwe mipango ya majitaka pamoja na ya majisafi, kwa sababu bomba la majisafi likiingia nyumbani, majitaka lazima yatoke.

TUANZE NYUMBANI

Wakati vikao vinaendelea, kila kaya ifanye haya. Funika tundu la choo kisicho na bomba la hewa. Tupa kinyesi cha mtoto chooni, maana nacho kina vijidudu. Weka kibuyu chirizi na sabuni au majivu mlangoni pa choo. Nawa mikono utokapo chooni, na kabla ya kula au kupika. Chemsha maji ya kunywa. Pima kwa hatua umbali kutoka choo chako mpaka kisima.

Kinga ni bora kuliko tiba.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kaya yenu ina watu wangapi? Choo chenu kitajaa baada ya miaka mingapi?

2. Kuna tofauti gani kati ya tangi la majitaka na shimo lililofunikwa?

3. Katika kijiji chenu, ni kaya zipi zisizoweza kujenga choo bila msaada? Mtazisaidiaje?

4. Katika mkutano mkuu ujao, mtamwuliza mwenyekiti swali gani juu ya majitaka?