Muundo wa utafiti wa tathmini ya programu za elimu

Muundo wa utafiti wa tathmini ni mpango unaoeleza ni nani watakaopimwa, watapimwa lini na watalinganishwa na nani, ili kujua kama programu ya elimu imeleta mabadiliko yanayodaiwa. Swali la msingi ni hili: wanafunzi hawa wangekuwa na maarifa kiasi gani leo kama programu isingekuwepo? Jibu lake haliwezi kuonekana moja kwa moja, hivyo hukadiriwa kwa kutumia kundi la kulinganisha.

Aina kuu

* Kabla na baada: wanafunzi walewale hupimwa mara mbili. Ni njia rahisi, lakini watoto huendelea kujifunza hata bila programu.
* Wenye programu na wasio nayo: shule za aina mbili hulinganishwa kwa wakati mmoja. Hatari ni kwamba shule zilizopata programu huenda zilikuwa tofauti tangu mwanzo, k.m. kwa uwezo wa wazazi au bidii ya mwalimu mkuu.
* Kulinganisha mabadiliko: makundi yote mawili hupimwa kabla na baada. Tuseme wastani wa shule zenye programu umepanda kutoka 40 hadi 52, na wa shule nyingine kutoka 41 hadi 50. Ongezeko ni 12 na 9. Mchango wa programu ni 3 tu, ikiwa makundi hayo yangeendelea kwa mwendo uleule bila programu.
* Jaribio la kura: shule zitakazopata programu huchaguliwa kwa bahati nasibu. Zikiwa nyingi vya kutosha, makundi hufanana kwa wastani, hata katika mambo ambayo mtafiti hakuyapima.

Mfano kutoka Kenya

Katika miaka ya 1990 kikundi cha watafiti, akiwemo Michael Kremer aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2019, kilichunguza matumizi ya mabango kitita ya kufundishia katika shule za msingi za magharibi mwa Kenya. Shule zilizokuwa tayari na mabango zilipolinganishwa na zisizokuwa nayo, mabango yalionekana kuinua alama za mitihani. Lakini katika jaribio la kura la shule 178, ambapo nusu zilipewa mabango, hapakupatikana ushahidi kwamba alama ziliongezeka. Anayetegemea ulinganisho wa kwanza pekee angenunua mabango kwa fedha ambazo zingeweza kuwafaa watoto kwa njia nyingine.

Kuchagua muundo

Programu ikiwa tayari imeenea kila mahali, kura haiwezekani tena. Ndiyo maana tathmini hupangwa kabla ya programu kuanza. Fedha zisipotosha wote kwa mara moja, shule zinaweza kuingizwa kwa zamu. Katika programu ya dawa za minyoo huko Busia, shule 75 ziligawanywa katika makundi matatu ya shule 25, yaliyoanza mwaka 1998, 1999 na 2001. Zilizosubiri zilikuwa kundi la kulinganisha, na hazikunyimwa dawa moja kwa moja. Zilipangwa shule nzima, si mwanafunzi mmoja mmoja, kwa kuwa anayetibiwa hupunguza maambukizi kwa wenzake pia.

Alama huonyesha kama programu imefaulu, lakini hazielezi sababu. Kwa hiyo mahojiano na walimu na uchunguzi wa darasani huambatanishwa na muundo wowote utakaochaguliwa.