Kununua Nyumba Kongwe ya Shamba: Nani Hasa Anayekuuzia?



Swali hili hutujia kwa sura nyingi. Familia ya mjini imechoka na kodi na kelele. Wameona nyumba kongwe shamba, imesimama peke yake kwenye kitongoji kitulivu, msikiti uko karibu, kisima kipo, nyuma kuna mikarafuu michache na mwembe. Anayeuza ni mtoto mkubwa wa marehemu. Funguo anazo yeye na bei ni shilingi milioni 24, lakini anataka fedha wiki hii hii kwa kuwa "kuna mteja mwingine". Je, inafaa kununua?

Kununua nyumba ni halali, hakuna mjadala. Mjadala ni huyu muuzaji. Mtu kushika funguo si dalili kwamba nyumba ni yake.

Tuchukue mfano. Marehemu ameacha mke, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike. Madeni yameshalipwa na hakuna wasia. Kwa mujibu wa Suratun-Nisaa, aya ya 11 na ya 12, mke ana thumni kwa kuwa marehemu ana watoto, na kinachobaki wanagawana watoto, wa kiume akipata sehemu ya wawili wa kike. Katika milioni 24, mama ana milioni 3, kila mtoto wa kiume ana milioni 6 na kila mtoto wa kike ana milioni 3. Kwa hiyo yule kaka mwenye funguo ana robo tu ya nyumba. Robo tatu anayokuuzia si yake.

Na hapa mara nyingi hudhulumiwa dada. Mmoja ameolewa kijiji cha pili, mwengine yuko Muscat, na kaka husema: "Hao hawana shida, nitawatumia chochote." Haki yao haitegemei kama wana shida au hawana. Na dada akiwa amefariki baada ya baba yake kabla ya kugawanywa mirathi, hisa yake haikufa pamoja naye. Imehamia kwa warithi wake, akiwemo mumewe na watoto wake. Nyumba iliyokaa miaka thelathini bila ya kugawanywa inaweza kuwa na wamiliki ishirini, na wengine hawajui hata kama wanamiliki.

Akiuza peke yake, hukumu yake ni ipi? Katika madhehebu ya Imam Shafi'i (Rahimahullaah), kauli yenye nguvu ni kwamba mauzo yanaswihi katika hisa yake yeye tu na yanabatilika katika hisa za wenziwe. Mnunuzi ambaye hakujua ana khiyari: avunje mauzo arejeshewe fedha zake zote, au abaki na ile hisa kwa sehemu yake ya bei. Yaani ungelipa milioni 24 ukapata robo ya nyumba, pamoja na kesi.

Wapo wanaosema: "Basi nitanunua kwa wanaokubali, wanaokataa tutaelewana mbele." Hisa isiyogawanywa inauzika, lakini hapo inaingia shufaa. Katika Hadithi ya Jaabir (Radhiya Allaahu 'anhu), Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) amehukumu shufaa katika kila kisichogawanywa, na mipaka ikishawekwa na njia zikatengwa hakuna shufaa. Mshirika aliyebaki anaweza kuichukua hisa uliyonunua kwa bei ile ile uliyotoa. Kwa nyumba ndogo isiyogawika wanavyuoni wamekhitalifiana. Jirani tu, asiyekuwa mshirika, hana shufaa kwa Mashafi'i, Mahanafi wanampa. Hata hivyo kumwambia jirani kabla ya kununua ni adabu njema, na yeye ndiye anayeijua historia ya ile nyumba kuliko dalali.

Akiwemo mtoto mdogo katika warithi, mama au ami hana ruhusa ya kuuza hisa yake apendavyo. Iwepo haja au maslaha ya wazi ya mtoto mwenyewe, na salama zaidi lipelekwe kwa Kadhi.

Ulizia pia kama mahali hapo ni wakfu. Visiwani mwetu zimo nyumba na mashamba yaliyowekwa wakfu na wazee kwa msikiti au kizazi, na leo hakuna aliye hai anayekumbuka. Wakfu hauuzwi, haupewi mtu wala haurithiwi, kama ilivyo katika Hadithi ya ardhi ya 'Umar (Radhiya Allaahu 'anhu) ya Khaybar. Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ndiko pa kuuliza. Pia uliza kama ardhi ile ni katika eka tatu zilizogaiwa baada ya Mapinduzi ya 1964, kwani hizo zina masharti yake. Chini ya sheria ya ardhi ya 1992, ardhi Zanzibar ni ya umma na mtu anamiliki haki ya kuitumia, hivyo karatasi ya Sheha peke yake haitoshi. Uhaulishaji una bodi yake.

Miti itajwe kwenye mkataba. Kifiqhi, ukinunua ardhi miti iliyomo inaingia, lakini kwetu mtu anaweza kuwa na mkarafuu juu ya ardhi ya mwenziwe. Makaburi yakiwemo, yaheshimiwe na njia yake isizibwe.

Kuhusu jengo lenyewe: muuzaji anayejua kwamba boriti zimeliwa na mchwa au kisima kinakauka kiangazi, ni haramu kwake kuficha. Ukigundua aibu iliyokuwepo kabla ya kununua nawe hukuijua, una haki ya kurejesha, ila kwa Mashafi'i ni papo hapo unapogundua. Ukikaa mwaka ndipo ulalamike, haki imekupita.

Na aliyekwisha lipa kisha akajua kuna warithi hawakuulizwa? Asijenge wala asivunje kitu. Awatafute mmoja mmoja, akiwemo yule wa Muscat. Wakiridhia, waandikiane mauzo mapya kwa hisa zao, fedha zao ziwafikie mikononi mwao wenyewe, na mashahidi wawepo. Wasiporidhia, adai fedha zake kwa yule aliyemuuzia, ikibidi mahakamani.

Wallaahu A'lam.