Je, simu yako imezeeka kweli?

Siku hizi wanakikundi wengi huomba mkopo wa simu mpya na ile ya zamani bado inapiga na kupokea. Kabla hujaomba, jiulize:

1. Ni betri tu? Betri huchoka ikishachajiwa mara 500 hivi, yaani miaka miwili au mitatu. Mwulize fundi bei ya betri mpya.

2. Imejaa? Futa kwanza video na picha za WhatsApp.

3. Imekataa programu unazohitaji? Hapo ndipo simu imezeeka. Mwaka 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye simu za Android 4.4. Lakini kutuma M-Pesa, hata kabambe inatosha.

Ukilazimika kununua, piga hesabu. Kulipa shilingi 50 kila siku kwa mwaka mzima ni shilingi 18,250. Kama simu hiyo kwa keshi ni shilingi 11,000, umepoteza 7,250. Hiyo si ni pesa ya mbuzi?

Basi wanakikundi, tusibadilishe simu kwa sababu jirani amebadilisha. Tungoje mpaka ishindwe na kazi yetu.